Mchoro wa Kale Si Picha ya Mmea Mmoja

Hapa Tanga, wengi wanaoona nakala za michoro ya kale ya mimea huamini kwamba mchoraji aliketi mbele ya mmea mmoja akaunakili kama ulivyosimama siku ile. Sivyo ilivyokuwa.

Tuchukue karafuu. Mara nyingi karatasi moja huonyesha tumba, ua lililofunguka na tunda lililoiva, na chini yake mbegu iliyopasuliwa katikati. Mkulima wa Muheza atatabasamu, kwa kuwa yeye huchuma tumba kabla halijachanua, na tumba aliloliacha mtini ndilo linalokuja kuwa tunda, wiki nyingi baadaye. Mchoraji alikusanya nyakati hizo zote mahali pamoja ili msomaji aweze kuutambua mmea wakati wowote wa mwaka.

Mkonge ulileta taabu zaidi. Mmea huu, ambao Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliuingiza nchini mwaka 1893 kutoka Florida (asili yake ni Mexico, si Tanga), huchanua mara moja tu kisha hufa, na mlingoti wake wa maua hupita mita 5. Kwa hiyo mmea mzima huchorwa mdogo pembeni, na ua huchorwa kwa ukubwa wake halisi.

Tena wachoraji wengi wa Ulaya walifanyia kazi vielelezo vya mimea vilivyokaushwa na kubanwa kati ya karatasi, ambavyo rangi yake ilikwisha kupotea; rangi tunazozisifu huenda zilitokana na maelezo ya mkusanyaji wa mimea hiyo tu.