Aplikesheni za simu Zanzibar: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Vijana wengi wanaosoma kompyuta hapa Unguja na Pemba wana wazo la aplikesheni kichwani. Nafurahi sana kulisikia, na inaniuma ninapoona wazo zuri linakufa kwa sababu ya imani isiyo na msingi.

Imani iliyoenea kuliko zote ni kwamba ukishaiweka programu Play Store, watu watapakua na fedha zitakuja zenyewe. Programu nyingi dukani humo ni za bure, na tangazo likitazamwa na mtu mmoja hulipa kiasi kidogo mno. Visiwa vyetu vilikuwa na watu 1,889,773 kwa sensa ya 2022; anayetegemea matangazo kwa idadi hiyo atangoja sana.

Wengine wakiiona hesabu hiyo husema basi, soko letu dogo. Nao wamekosea. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 700,000, na karibu kila mmoja yuko na simu mkononi akitafuta pa kulala, pa kula, na chombo cha kumpeleka kisiwa cha Changuu.

Chukua habari ya maji kupwa na kujaa. Mama wa Paje anayelima mwani hahitaji simu imwambie lini bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na lini maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Mwezi anausoma tangu mdogo. Mgeni aliyefika jana hajui. Asubuhi ameiona bahari imejaa mpaka karibu na kitanda chake, mchana anatoka kuogelea anakuta mchanga mtupu, maji yako mbali huko kwenye mwamba. Taarifa ni ileile, ila mgeni, au hoteli yake, ndiye atakayeilipia. Mama wa mwani ana haja nyingine kabisa: kilo alizopima, bei ya siku ile, na fedha anazodai. Anayetaka kumtumikia aanze na daftari hilo.

Kutoka Pemba nimelisikia sana wazo la programu ya kumkutanisha mkulima wa karafuu na mnunuzi yeyote amtakaye. Hapana. Karafuu kisheria huuzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na kuipitisha kwingine ni magendo. Haya ni mambo ya kuuliza kabla hujaandika hata mstari mmoja wa programu.

Dhana nyingine inawatisha watu bure: kwamba Google na Apple watakata asilimia 30 ya kila shilingi. Makato yao ni kwa bidhaa za kidijitali zinazouzwa ndani ya programu, kama vile hatua za mchezo au usajili wa masomo, na kwa wajasiriamali wadogo kiwango kilichozoeleka tangu 2021 ni asilimia 15 kwa dola milioni moja ya mwanzo kila mwaka. Safari ya boti, chumba cha kulala, sahani ya urojo au kilo ya pweza haimo katika hesabu hiyo. Mteja atakulipa kwa kadi au kwa fedha za simu, na utamlipa ada yake yule anayekupitishia malipo. Kwa kisiwa kinachoishi kwa huduma za namna hii, naona hapa ndipo penye fursa kubwa.

Si kila biashara inataka aplikesheni, lakini. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008 iliendeshwa kwa menyu ya nyota na reli, na mwenye kitochi akatuma fedha bila bando. Wateja wako wakiwa ni wavuvi wa Wete, pengine ujumbe mfupi unatosha. Duka dogo la Darajani litahudumiwa vizuri na WhatsApp Business, ambayo ni bure.

Na mtaji? Akaunti ya msanidi, yaani mtengenezaji wa programu, kwa Google ni dola 25, hulipwa mara moja. Apple ni dola 99 kila mwaka. Gharama halisi ni muda wako na matengenezo yasiyokwisha. Akaunti mpya ya mtu binafsi Play Store hutakiwa kwanza programu yake ijaribiwe na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Usiwajaze wenzako wa darasani peke yao. Watie manahodha wa Forodhani, mwenye nyumba ya wageni Jambiani na dereva anayepokea wageni uwanja wa ndege, kisha uwaulize wangelipa shilingi ngapi.