Kueleweka kwa Vibao vya Makutano ya Barabara Kuu: Maana Yake

Kueleweka kwa kibao cha makutano ya barabara kuu ni sifa ya kibao kumwezesha dereva, akiwa katika mwendo wa kawaida wa barabara hiyo, kutambua mapema anapaswa kushika leni ipi ili afike aendako. Maana hii ni pana kuliko kusomeka. Kibao chaweza kuwa na herufi kubwa zinazong'aa usiku na bado kikamwacha dereva njia panda, kwa sababu alichokisoma hakikujibu swali lake: nibaki hapa nilipo au nihame?

Makutano yanayozungumziwa ni yale ambayo barabara hupita moja juu ya nyingine, na magari huhama kutoka barabara hii kwenda ile kwa viunganishi, bila taa wala kusimama. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hukata takriban mita 28 kila sekunde. Kanuni ya wahandisi wa Marekani huhesabu futi 30 za umbali wa kusomeka kwa kila inchi ya kimo cha herufi, yaani mita 3.6 hivi kwa kila sentimita. Kwa hiyo herufi ya sentimita 40 husomeka kutoka mita 144, na dereva hubakiwa na sekunde kama tano tu, ambazo ndani yake anapaswa pia kuangalia vioo na gari lililo mbele yake. Ndiyo maana majina ya miji kwenye kibao kimoja huwa machache, na ndiyo maana nchini humo makutano makubwa hutangazwa maili mbili kabla, kisha maili moja, kisha nusu maili.

Herufi zenyewe zilishughulikiwa zamani. Uingereza ilipokuwa ikijenga barabara zake kuu za kwanza mwishoni mwa miaka ya 1950, wabunifu Jock Kinneir na Margaret Calvert walichanganya herufi kubwa na ndogo, kwa hoja kwamba jina lililoandikwa hivyo huwa na umbo ambalo jicho hulitambua hata kabla ya kusoma herufi moja moja.

Ugumu uliobaki, kwa maoni yangu, uko kwenye mishale. Mshale unaoelekea chini humwambia dereva "leni hii". Unaoelekea juu humwambia "upande huu". Mambo huharibika panapokuwa na leni inayoruhusu yote mawili, kuendelea mbele au kutoka. Mshale wa chini ukiiweka leni hiyo chini ya jina la mji mmoja tu, dereva wa mji mwingine huhama bila sababu, mara nyingi dakika za mwisho. Wamarekani waliwahi kutegemea mchoro wa mshale mmoja mnene unaogawanyika, wenye mistari ya kukatakata ndani yake kuonyesha leni. Mchoro ulikuwa wa kweli kabisa, ila ulimtaka dereva ahesabu leni za kwenye kibao, kisha ahesabu za barabarani, halafu alinganishe. Mwongozo wao wa vibao na alama za barabarani wa mwaka 2009 ulileta njia nyingine kwa makutano ya aina hiyo: kila leni na mshale wake juu yake, na leni ya hiari, yaani ile inayoruhusu kuendelea au kutoka, ikawa na mshale wenye ncha mbili. Dereva hahesabu kitu. Hutazama ulio juu ya leni yake. Gharama yake ni kibao kikubwa sana, na barabara ikipinda mshale huweza kuonekana kana kwamba ni wa leni ya jirani.

Mengine ni ya uthabiti. Mji uliotajwa kwenye kibao cha kwanza usipotee kwenye cha tatu. Njia ya kutokea iliyo upande usiotarajiwa itajwe hivyo waziwazi, na leni inayolazimisha kutoka ionyeshwe kwa rangi tofauti. Marekani hutumia manjano kwa yote mawili.

Kipimo chepesi ni kumwonyesha kibao kwa sekunde chache mtu asiyeyajua makutano hayo, kisha kumuuliza angeshika leni ipi. Asiulizwe aliyekibuni: yeye njia anaijua tayari.