Kupima moshi wa jikoni kwa kifaa cha mkononi: maswali na majibu

Kifaa hiki kinapima nini hasa?

Vingi vinavyouzwa kwa matumizi ya nyumbani hupima PM2.5, yaani chembechembe za mikromita 2.5 kushuka chini, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Feni ndogo huvuta hewa, mwanga wa leza huzipiga chembe hizo, na kifaa hukadiria uzito wake kutokana na mwanga unaotawanyika. Jibu huja kwa mikrogramu katika kila mita moja ya ujazo. Hakuna kinachowekwa kwenye mizani, na ndiyo maana mvuke au unyevu unaweza kukidanganya.

Jiko la mkaa likionyesha namba ndogo, tuko salama?

Hapana, na tunaomba hili lisipitwe haraka. Mkaa uliokolea hutoa moshi kidogo lakini kaboni monoksaidi nyingi. Hewa hiyo ya sumu haina rangi wala harufu, na leza haiioni kabisa. Unahitaji kifaa chenye kihisi chake maalumu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ni miligramu 35 kwa mita ya ujazo kwa saa moja, takriban ppm 30 (sehemu 30 katika kila sehemu milioni za hewa), na miligramu 4 kwa wastani wa saa 24.

Watu wawili au watatu chumbani wakiumwa kichwa, wakipata kizunguzungu au kichefuchefu kwa wakati mmoja, watoeni wote nje kwanza, kisha waende hospitali wakapewe oksijeni. Jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha kulala, hata likionekana limebaki majivu tu. Dirisha lililofunguliwa kidogo si kinga.

Nikiweke wapi?

Mita 1 kutoka ukingo wa jiko, mita 1.5 kutoka sakafuni, na angalau mita 1.5 kutoka mlango au dirisha linalofunguka. Chumba cha kupikia kikiwa kidogo mno, pima umbali ulioupata, uandike, na urudie palepale kila mara. Kisining'inie juu ya sufuria: matone ya mvuke wa maharage yatahesabiwa kama moshi.

Nirekodi kwa muda gani?

Saa 24 ni kiwango cha chini. Saa 48 ni bora, kwa sababu mapishi ya leo si ya kesho. Weka kirekodi kila dakika moja, upate mistari 1,440 kwa siku. Pembeni weka daftari: jiko limewashwa lini, kuni au mkaa au gesi, kimepikwa nini, dirisha lilikuwa wazi, nani kachoma udi, ubani au dawa ya mbu, jirani kachoma taka saa ngapi. Bila daftari, kilele kwenye grafu hakina maelezo.

Angalieni saa. Mpishi akisema "saa 12 jioni", kifaa kinaandika 18:00, na kama kimewekwa saa za Greenwich kitaandika 15:00. Kabla ya kuanza, piga picha ya kioo chake kando ya saa ya simu.

Mbona rekodi imekatika usiku?

Mara nyingi ni pawabanki. Nyingi hujizima zenyewe zikiona kifaa kinavuta umeme kidogo mno. Ijaribu usiku mzima kabla ya kipimo chenyewe.

Nisomeje matokeo?

Fungua faili katika programu ya majedwali, chora grafu kwanza, halafu tafuta wastani. Tuseme saa 3 za kupika zilikuwa na mikrogramu 600 na saa 21 zilizobaki 30: (3 × 600 + 21 × 30) ÷ 24 = 101. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 kwa saa 24 ni 15. Lakini usiishie kwenye 101. Aliyekaa jikoni saa zile tatu, na mtoto aliyebebwa mgongoni, walivuta hewa ya 600. Ripoti wastani wa siku na wastani wa muda wa kupika, vyote viwili.

Ni lini nisiiamini namba?

Unyevu ukipita asilimia 80, jambo la kawaida pwani wakati wa masika, chembe hunyonya maji na kuvimba, namba ikapanda bila moshi kuongezeka. Kwenye kuni kinyume chake hutokea: vihisi vya bei nafuu huanza kushindwa kati ya 500 na 1,000, mstari ukawa bapa juu ilhali moshi unazidi. Ukiona ubapa huo, andika "zaidi ya" mbele ya namba. Masizi nayo huziba tundu la hewa. Kila baada ya kipimo pulizia kwa bomba la mkono, kamwe usitumie kitambaa chenye maji. Ukiwa na vifaa viwili, viweke pamoja siku nzima; vikipishana sana, kimoja kisafishwe au kibadilishwe.

Nikitaka kujua kama badiliko limesaidia?

Badili kitu kimoja tu: kuni kavu badala ya mbichi, au bomba la moshi, au kupikia barazani. Pima tena mahali palepale, chakula kilekile, saa 48 nyingine. Ukibadili jiko na dirisha siku moja, hutajua ni kipi kilichopunguza moshi.