Mzio na mionzi: mnyama amepigwa lini?

Shangazi yangu hali kamba. Akionja hata mchuzi wake, midomo inavimba na ngozi inatoka mabaka. Alipoandikiwa matibabu ya mionzi pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kwenye barabara ileile ya ufukweni ukitokea soko la Feri, aliniuliza: "Mwanangu, wanasema mionzi inaua kinga. Basi na huu mzio wangu si utakufa nao?"

Swali lake ni la maana sana, na wanyama wa maabara walishalijibu kwa sehemu kubwa.

Kwa wazee wetu, mzio ni chakula ambacho mwili wako au ukoo wako umekikataa. Madaktari wamelichukua neno hilo kwa hali ambayo kinga ya mwili inakiona kitu kisicho na ubaya kuwa ni adui. Mwili hauanzi hivyo siku moja. Kwanza unajifunza: chembe nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti zinakitambua kitu kile, kisha zinatengenezwa kingamwili za aina ya IgE, ambazo zinakwenda kujibandika kwenye seli za masti zilizotapakaa ngozini, mapafuni na tumboni. Hapo husikii chochote. Kitu kile kikirudi, seli za masti zinamwaga kemikali iitwayo histamini, na ndipo uvimbe, muwasho na kubanwa pumzi vinapoanza. Mwaka 1902 Wafaransa Charles Richet na Paul Portier walieleza jinsi mbwa waliostahimili dozi ya kwanza ya sumu ya mnyama wa baharini aitwaye anemoni walivyokufa kwa dozi ndogo ya pili, majuma kadhaa baadaye. Hali hiyo wakaiita anafilaksisi, na Richet akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1913.

Sasa leta mionzi. Limfosaiti ni miongoni mwa seli dhaifu kuliko zote mbele ya mionzi. Seli za masti ni sugu. Mambo mengi yanatoka hapo. Ukimpiga mnyama mwili mzima kabla hajakutana na kitu kile, anashindwa kujifunza. Katika miaka ya 1950, William na Lucy Taliaferro wa Chicago walionyesha kwa sungura kwamba mionzi inadhoofisha zaidi utengenezaji wa kingamwili ikitangulia siku moja au mbili kabla ya chanjo. Ila mnyama aliyekwisha kujifunza, mwenye kingamwili tayari juu ya masti zake, anaweza kupigwa mionzi leo na kesho akachachamaa kama kawaida. Waliofundishwa wamekufa, lakini silaha walizoziacha bado zina risasi.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo linalonishangaza zaidi. Mwaka 1971 Tomio Tada na wenzake wa Japani walichapisha matokeo ya panya waliochomwa vitu vya minyoo ya askarisi. Kwa kawaida panya hutengeneza kingamwili za mzio kwa muda mfupi, kisha zinafifia. Wale waliopigwa eksirei ya kiasi walizitengeneza kwa wingi na kwa muda mrefu zaidi. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba kati ya limfosaiti zimo zinazoshika breki, na hizo ndizo zilizoathirika. Kwa hiyo kipimo nacho kina neno lake: kikubwa kinazima, kidogo kinaweza kuchochea.

Tusiyahamishe haya kwa mgonjwa moja kwa moja. Wanyama wale walipigwa mwili mzima. Kwa binadamu, gray 4 hivi (gray ni kizio cha kupimia mionzi) za mwili mzima bila matibabu huua karibu nusu ya watu. Shangazi anapigwa sehemu moja iliyopimwa, na picha ya kifua ya eksirei haifikii hata gray moja ya elfu.

Nilimjibu kwamba masti zake zipo palepale, na kingamwili zake za kamba zipo juu ya masti hizo. Kesho yake alimweleza nesi habari ya mzio wake kabla ya kuchomwa dawa ya kupigia picha, wakaiandika kwa wino mwekundu juu ya faili.