Je, wajua? Kwa nini boya lililotiwa maji halizami?

Pale Matema, wilayani Kyela, nilimwona kijana akifungua kizibo cha boya la plastiki la fimbo yake ya kuvulia, akalichovya ziwani likanywa maji, akalifunga, ndipo akalirusha. Mzee aliyekuwa akishona nyavu mchangani akashangaa: "Mwanangu, boya na maji wapi na wapi?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Vipande vya ndala kuukuu alivyovifunga kwenye nyavu zake vinaelea kwa sababu vimejaa vitundu vya hewa. Maji ya nini tena?

Chanzo ni wepesi wa chambo. Mbasa, samaki anayependwa sana Ziwa Nyasa, hula usipa, samaki wadogo kama dagaa, kwa hiyo chambo bandia cha kumhadaa huwa kidogo, chembamba na cha kumetameta, pengine gramu 2 au 3 tu. Chambo cha namna hiyo hakirushiki. Finyanga jani kavu la mgomba liwe donge, kisha tafuta parachichi changa la ukubwa uleule, uvirushe vyote kwa nguvu moja. Donge litaanguka karibu, parachichi litavuka ua. Hewa inavipinga vyote viwili, lakini kizito hakisimamishwi upesi. Chambo chepesi kina taabu nyingine pia: kinauburuta mshipi, yaani uzi wa kuvulia, nyuma yake, nao unasuguana na pete za fimbo njia nzima. Kati ya Mei na Agosti, upepo wa kusini unapovuma kuelekea ufukwe wa Matema, unaweza kurusha na chambo kikarudi miguuni pako.

Ukiongeza chubwi, kile kipande cha madini ya risasi cha kutia uzito, kitafika mbali, ila risasi ina uzito wa zaidi ya mara 11 ya maji ya ujazo huohuo. Itazama na kukivuta chambo chini, wakati wewe unataka kipite juu juu kama usipa.

Sasa mkumbuke mtu anayeteka maji kisimani. Ndoo iliyojaa, ikiwa bado imezama, kamba inakuja kwa wepesi. Ikitoka tu majini, mikono inakaza. Maji yaliyo ndani ya maji ni kana kwamba hayana uzito, kwa sababu maji yanayoizunguka ndoo yanayabeba. Angani hayana wa kuyabeba. Siri ya boya la yule kijana ni hiyohiyo, na kwangu mimi ni moja ya hila nzuri kabisa katika uvuvi wa ndoana.

Tupige hesabu. Boya la mviringo lenye kipenyo cha sentimita 4 lina ujazo wa mililita 33 hivi. Tuseme plastiki yake ina gramu 5, nawe umetia maji mililita 20. Linaporuka hewani lina gramu 25, uzito wa kutosha kuipinda fimbo na kuuvuta mshipi. Likitua, maji ya ujazo wake yana gramu 33, kwa hiyo halizami mpaka uzito wake wote upite hapo. Bado lina akiba ya gramu 8, kwa hiyo linaelea na kile chambo chake cha gramu 2.

Kulifunga si kazi kubwa. Pitisha mshipi kwenye tundu la katikati ya boya, fuatisha ushanga mmoja wa kulinda fundo, kisha funga kiungo kidogo cha chuma kinachojizungusha ili mshipi usijisokote. Baada ya hapo weka mshipi mwembamba zaidi wa mita moja hadi moja na nusu, mwishoni chambo. Usizidishe urefu huo: boya likifika ncha ya fimbo, kipande kilichobaki ndicho utakachohangaika nacho kumleta samaki mkononi. Wengine hulikaza boya lisiteleze. Mimi napendelea liteleze, kwa kuwa samaki akivuta, mshipi unapita ndani ya tundu bila yeye kuhisi mzigo.

Linapokaribia kutua, gusa mshipi kwa kidole uupunguze mwendo. Boya litasita, chambo kitapita mbele yake, na mshipi utanyooka. Usipofanya hivyo vitaanguka pamoja vikiwa vimesukwa kama ukili. Kisha vuta polepole, upumzike, uvute tena. Bila boya, chambo cha chuma ukikipumzisha kinazama. Hapa kinashuka kidogo tu halafu kinapanda ukivuta, mithili ya usipa aliyejeruhiwa.

Fanya haya ziwani, mbali na midomo ya mito kama Lufilyo. Huko kuna mamba, na wakati wa mvua mbasa hupandia huko kwenda kutaga. Samaki huyu yumo hatarini kutoweka, naye akiwa na mayai tumwache apite.

Upepo ukitulia jioni, fungua kizibo umwage nusu ya maji. Ziwa likiwa shwari hivyo, kishindo cha boya zito hufukuza samaki, na boya jepesi linatosha kufika.