Ramani ya ndege husomwa kwa mikato yake

Vijana wakipita karakanani kwangu hapa Shela, Malindi, na kuiona mezani F-5, mfano wa ndege ya kivita niliouchonga kwa mti, swali la kwanza huwa lile lile: "Ami, rangi yake umeitoa wapi?" Rangi ni kazi ya mwisho. Umbo likikosewa, hata ukilipaka vipi halitakuwa ile ndege uliyoikusudia. Na umbo hutoka kwenye ramani, yaani michoro ya ubavuni, ya juu, ya chini, ya mbele, pamoja na mikato, yaani michoro ya umbo la ndege kama ingekatwa vipande kwa kukingama.

Nachukua mfano wa F-5E kwa kuwa Wakenya tunaijua. Ilianza kuingia katika jeshi letu la anga mwaka 1978. Urefu wake ni mita 14.45, na mabawa yake, ncha hadi ncha, ni mita 8.13. Kwa skeli ya 1/48, yaani ndege halisi ikigawanywa kwa 48, unapata milimita 301 kwa 169. Namba hizo ziandike pembeni mwa karatasi kabla hujagusa kisu, kisha chukua rula uipime ramani yenyewe. Mabawa yakitoka 178, huenda umepima pamoja na makombora yanayokaa nchani. Yakitoka 160, basi unayo ramani ya F-5A, iliyoitangulia, ambayo mabawa yake ni mafupi.

Urefu na upana vikipungua kwa kadiri moja, shuku printa: mashine nyingi za mtaani huibana picha ienee kwenye A4. Kikikosa kimoja tu, shuku karatasi. Hapa pwani karatasi hunywa unyevu, tena hutanuka zaidi kwa kukata nyuzi zake kuliko kwa kufuata nyuzi. Masika ndiyo yenye taabu zaidi. Dawa yangu ni kuchora mraba wa milimita 100 kando ya mchoro kabla ya kuchapisha, halafu kuupima kwa wima na kwa mlalo siku ile ile ninayokata.

Unene wa wino nao una hesabu yake. Mstari wa milimita 0.3 kwenye skeli ya 1/48 ni zaidi ya sentimita moja kwenye ndege halisi. Amua tangu mwanzo kama unakata katikati ya mstari au ukingoni mwake, na usibadilishe njiani.

Sasa mikato, ambayo wengi huiruka kwa sababu haipendezi machoni. Mchoro wa ubavuni hukuonyesha kimo cha kiwiliwili, wa juu hukuonyesha upana, lakini hakuna hata mmoja unaokwambia kama pale kati ni duara, yai au mraba uliolainishwa pembe. F-5 ina kiuno: kiwiliwili hubanwa kwenye mabawa, ili eneo la mkato wa ndege nzima, mabawa yakihesabiwa, lisiongezeke ghafla kutoka puani hadi mkiani, kwani ongezeko hilo huleta ukinzani wa hewa ndege inapokaribia kasi ya sauti. Kanuni hiyo ilifanyiwa kazi na Richard Whitcomb huko Marekani miaka ya 1950. Ukichonga kwa mchoro wa ubavuni peke yake, kiuno hicho hutakipata, kwa sababu ubavuni hakionekani.

Kila mkato una herufi, na herufi hiyo hiyo ina mstari kwenye mchoro wa ubavuni na wa juu. Shika kalipa, kile kifaa cha taya mbili cha kupimia upana, upime: upana wa mkato D sharti ulingane na upana wa mchoro wa juu pale penye D, na kimo chake vivyo hivyo na ubavuni. Visipolingana, mchoraji alikisia. Ramani ya namna hiyo mimi huiweka kando, iwe imechorewa kila ribiti (msumari wa kuungia mabati) au la. Vipimo vikikubaliana, nakata kigezo cha nusu ya kila mkato kwenye plastiki nyembamba, napaka ukingo wake vumbi la penseli, nakigandamiza kwenye mti. Palipoingia weusi ndipo pa kupiga msasa. Natumia mkilifi mkavu. Hautafuni kisu kama mvule.

Mabawa nayo yana siri ambayo mchoro wa juu hautakupa. Bawa la Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita Kuu ya Pili, limepindwa: shinani, penye kiwiliwili, ukingo wa mbele umeinuka digrii 2, nchani umeinama nusu digrii. Ukilichonga bapa, jicho litajua kuna kasoro hata kabla ya kujua iko wapi.

Picha natumia kuhakiki umbo, si kupima. Kamera ikiwa karibu huikuza pua na kuudogosha mkia.

Anayeanza namshauri Caproni Ca.133, ndege ya Italia yenye injini tatu na ubavu bapa, mikato yake haisumbui. Waitalia waliitumia sana Afrika Mashariki, na mji wetu huu ulipigwa mabomu na ndege za Italia Oktoba 1940, jambo ambalo watalii wengi wanaokula pizza hapa hawalijui.

Tukirudi kwa F-5E, angalia miguu kabla ya kuigandisha. Mguu wa mbele una vimo viwili, kwani hurefushwa ili kuinua pua wakati wa kuruka. Miguu ya nyuma ikichorwa ndege ikiwa hewani, huwa mirefu kuliko ikiwa imebeba uzito chini. Ukitaka ndege iliyoegeshwa, tafuta picha yake ikiwa imeegeshwa, ufupishe kwa kufuata hiyo.