Je, wajua kwa nini "haya, naondoka" huchukua saa nzima?

Shangazi yangu anakaa Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Jumamosi moja nilikuwa kwake, nimejilaza na simu yangu, alipofika shoga yake wa siku nyingi. Ilikuwa baada ya alasiri. Wakazungumza bei ya nazi, wakazungumza harusi moja ya Makorora ambako pilau haikuwafikia waliokaa nyuma, wakaswali maghribi, wakarudi mkekani. Saa mbili na robo yule mgeni akapiga magoti yake viganja viwili, akasema: "Haya mwenzangu, mie naondoka."

Hakuondoka. Alivaa buibui lake, akachomeka mguu kwenye ndara moja, ya pili akaiokota akabaki nayo mkononi. Mlango ulishafunguliwa. Ndipo akasema, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo tu: "Ah, hivi nilikwambia habari za yule mkwe wangu?"

Mkwe ni kijana wa siku hizi. Anamtaka mkewe ampe namba ya siri ya simu, na mke hataki. Hana cha kuficha, anasema, ila simu ni yake. Wiki ya pili hiyo wanalala mzungu wa nne. Shangazi akamwambia, "Si ukae basi." Mgeni akajibu, "Sikai, nimeshaaga." Akasimama pale pale mlangoni, ndara mkononi, mpaka saa nne kasoro robo.

Saa tatu alizokaa mkekani zilikwenda kwenye nazi na pilau. Lililomtoa nyumbani kwake alilisema akiwa amesimama. Kwa nini?

Mwaka 1973 wanasosholojia wawili wa Marekani, Emanuel Schegloff na Harvey Sacks, walichapisha makala juu ya jambo ambalo wengi hatulioni hata kama ni swali: watu humalizaje mazungumzo? Walichunguza simu zilizorekodiwa, neno kwa neno. Hoja yao ni kwamba mazungumzo huenda kwa zamu, na zamu hazina breki. Mimi nikinyamaza, ni wewe wa kusema. Ukisema, unanirudishia mimi. Mambo yakienda hivyo, hakuna mahali ambapo kimya ni kimya tu; kila kimya ni zamu ya mtu. Ili mtoke, lazima nyote wawili mkubaliane kwamba kimya kijacho hakina mwenyewe.

Kazi hiyo kwetu inafanywa na "haya". Ukiitazama vizuri, "haya" haina habari yoyote ndani yake. Ni mtu anayechukua zamu yake na kuipitisha tupu, kama anayesema: mimi sina jipya, wewe je? Mwenzake naye akijibu "haya", njia ni nyeupe. Sikiliza simu yoyote ya mtu wa pwani inavyokwisha: "Haya." "Haya." "Haya basi." "Haya, wasalimie." "Watafika. Na wewe msalimie mama." "Haya, inshallah." "Haya." Mwenye haraka anaona ni maneno yanayorudiwa bure. Si bure. Kila "haya" inauliza kama kuna kilichobaki, na hapo ndipo penye mtego: ukimuuliza mtu kama kuna kilichobaki, atakumbuka kilichobaki. Aliyekuwa na neno linalomkaba kooni tangu alasiri anajua sasa ni hapa au basi.

Kiswahili kiliyajua haya kabla ya wanasosholojia. Tuna kuaga na tuna kuagana. Kuaga unaweza peke yako. Mgeni wa shangazi aliaga saa mbili na robo na hakuna aliyemzuia. Lakini kuagana kuna ile "-na" ya mwisho, ile ya kupendana na kupigana, na hiyo inataka wawili. Mazungumzo huisha kwa kuagana. Kati ya kimoja na kingine mtu anaweza kusimama saa nzima unusu na ndara yake.

Sasa, labda utasema hao walikuwa wanapenda kuendelea, waache. Huenda. Lakini mwaka 2021 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na Adam Mastroianni, aliyekuwa Harvard wakati huo, ambao hunichekesha kila nikiukumbuka. Waliwakutanisha watu 252 wasiojuana, wawili wawili, wazungumze wapendavyo, kisha kila mmoja akaulizwa kando: ulitaka yaishe lini? Mazungumzo yaliyokwisha wakati wote wawili walipotaka yaishe yalikuwa kama asilimia 2 tu. Wapo waliotaka kukoma mapema wakanyamaza, wapo waliotamani kuendelea nao wakanyamaza. Kwa wastani, tofauti kati ya muda mtu aliotaka na muda uliotumika ilifika kama nusu ya mazungumzo yenyewe. Kila mmoja alikuwa anamsitiri mwenzake, na wote wawili wakawa wanabahatisha.

Nadhani utafiti huo ungefanywa Tanga, kusitiriana kungezidi. Mgeni akiinuka mapema anaulizwa kama amekuja kupalia moto, yaani kama yule wa zamani aliyeingia kwa jirani kuchukua kaa moja la kuwashia jiko na kutoka mbio. Mwenyeji naye hata kama chakula kinaungua jikoni hawezi kusema "nenda". Atasema "mbona mapema?" Mji wenyewe unajulikana kwa msemo wa "waja leo, waondoka leo", na kila mtu ana tafsiri yake. Mimi naukuta mlangoni kwa shangazi.

Kwa hiyo watu husubiri kitu cha nje kiwaamulie. Adhana ni mfano bora: ikilia, mnainuka wote, na hakuna aliyemchoka mwenzake. Mvua ikitanda, mtoto akilia, bodaboda akipiga honi. Enzi za vocha za kukwangua, salio lilikuwa linakata simu katikati ya neno na wote mkashukuru kimoyomoyo. Bando za siku hizi zimetuondolea kisingizio hicho.

Wanaume wa barazani hawana shida hii, na si kwa sababu wana maneno machache. Pale kwenye kahawa, dele likiwa juu ya makaa na sahani ya kashata pembeni, wamekaa watano, sita, wengine wanacheza dhumna. Mmoja akiinuka anasema "jamani, tuonane kesho" na kwenda zake, maana mazungumzo hayakufa, yamebaki kwa wengine. Kwa wawili ni kingine. Ukiinuka, umeyaua.

Lakini bado sijajibu la mkwe. Kusema kwamba "haya" hufungua mlango kwa yaliyobaki hakutoshi kueleza kwa nini linalobaki ndilo zito kuliko yote. Hapa wenye kujua zaidi ni watu wa tiba ya akili na ushauri nasaha, ambao wamezoea kisa kimoja: mteja anakaa karibu saa nzima akieleza habari za kazini na foleni, kisha, mkono ukiwa kwenye kitasa, anageuka na kusema lile lililomleta. Maelezo yao si magumu. Neno zito ukilisema umekaa, umejifunga: utaulizwa, utatazamwa usoni, utalia labda. Ukilisema umesimama mlangoni, una pa kukimbilia. Likipokelewa vibaya unasema "haya, kwa heri" na umeshafika nje. Likipokelewa vizuri, unabaki. Aliyesema "sikai, nimeshaaga" hakuwa anabisha tu. Kwa kukaa angekiri kwamba alikuja kwa ajili ya hilo, na mama hapendi kuonekana anatembeza siri za nyumba ya mwanawe.

Giza nalo lina sehemu yake. Polly Wiessner, mwanaanthropolojia aliyeishi na Waju/'hoansi wa mpakani mwa Namibia na Botswana, alilinganisha mazungumzo yao ya mchana na ya usiku, akachapisha matokeo mwaka 2014. Mchana zaidi ya nusu ilikuwa malalamiko, masengenyo na mambo ya kutafuta riziki. Usiku, motoni, asilimia 81 ilikuwa hadithi: habari za watu, ndoa, safari, waliokufa. Nazi zina saa yake, na wakwe wana yao.

Saa nne kasoro robo mgeni alitoka kweli, kwa sababu umeme ulikatika na wote wawili wakacheka. Shangazi akajitupia kanga akasema anamsindikiza hadi kona, arudi. Kona haifiki hatua hamsini. Umeme uliporudi nilichungulia dirishani nikawaona wamesimama chini ya taa ya barabarani, ndara zote mbili sasa zikiwa miguuni, na safari hii aliyekuwa akisema ni shangazi.